Mwethya wa Masomo: Wanafunzi Kufunzana Masomo Magumu ya Chuo Kikuu

1.0 Utangulizi

Makala haya yanachunguza namna wanafunzi wa chuo kikuu wanavyoweza kufunzana masomo magumu, pamoja na masharti yanayofanya kufunzana huko kuzae matunda. Hoja kuu ni kwamba kufunzana si sadaka ambayo mwerevu humpa asiyeelewa, bali ni kazi ya zamu ambayo kila mshiriki huijia na jembe lake. Hoja hii inafafanuliwa kwa mfano wa kijamii kutoka Masinga, Kaunti ya Machakos, na kwa mfano wa kitaaluma kutoka fonolojia ya Kiswahili, somo linalowatoa wengi jasho. Suala lenyewe si dogo. Anayeanguka somo hulazimika kurudia mtihani, na gharama ya kuchelewa kuhitimu huwaelemea hasa wale ambao karo yao hutokana na mkopo au na mifugo iliyouzwa nyumbani.

2.0 Funzo la Mwethya

Masinga hujulikana kwa bwawa lake katika Mto Tana, lililokamilika mwaka 1981. Hata hivyo, eneo lenyewe ni kame, na mkulima wake hutegemea mvua isiyo na ahadi. Katika ardhi ya namna hii kuhifadhi udongo na maji ni kazi inayomshinda mtu mmoja. Wakamba huifanya kwa mwethya: majirani hukusanyika katika shamba la mmoja wao, wakalima au wakachimba matuta, kisha zamu ikahamia kwa mwingine.

Serikali ya kikoloni ilipowashurutisha watu wa Machakos kuchimba matuta, kazi hiyo ilichukiwa. Katika miaka ya 1950, vikundi vya mwethya vilivyojichagulia viongozi viliichukua kazi hiyo, wanawake wakiwa mstari wa mbele, na matuta yakaenea. Tiffen, Mortimore na Gichuki (1994) wameonyesha kwamba kati ya mwanzo wa miaka ya 1930 na mwaka 1990 idadi ya watu wa Machakos iliongezeka zaidi ya mara tano huku mmomonyoko wa udongo ukipungua. Kazi ni ile ile na jembe ni lile lile. Kilichobadilika ni hiari, zamu na uongozi.

3.0 Mwethya Darasani

Misingi hiyo haiko mbali na mpango ulioanzishwa mwaka 1973 na Deanna Martin katika Chuo Kikuu cha Missouri-Kansas City, Marekani. Mpango huo haukuwatenga wanafunzi dhaifu, bali ulitambua masomo magumu, yaani yale ambayo wengi huyaanguka. Mwanafunzi aliyekwisha kulifaulu somo huhudhuria mihadhara yake tena, kisha huongoza vikao vya hiari ambavyo kila anayelisoma somo hilo anaweza kufika. Kwa kuwa lugha ni ya ugumu wa somo na si ya udhaifu wa mtu, anayehudhuria haoni haya. Kiongozi naye hatoi mhadhara wa pili. Huuliza maswali na kuwaachia wenzake nafasi ya kujibizana.

4.0 Mfano: Silabi ya Neno "mbuni"

Tuchukue swali linalowatatiza wengi: "mbuni" lina silabi ngapi? Mwanafunzi anayetoka Mombasa husikia tofauti bila kufikiri. Mbuni ndege ana silabi mbili (mbu-ni), ilhali mbuni mti wa kahawa una tatu (m-bu-ni). Anaisikia, lakini huenda asiweze kuieleza.

Mwenzake kutoka Masinga, ambaye lugha yake ya kwanza ni Kikamba, ana ufunguo. Kikamba husema "mũndũ" pale Kiswahili kisemapo "mtu". Irabu ya kiambishi iliyodondoka katika Kiswahili imehifadhiwa katika Kikamba. Kwa hiyo "m" ya "mtu" inabeba silabi nzima iliyoachwa na irabu hiyo, na neno linabaki na silabi mbili. Kwa upande mwingine, nazali ya "-ndũ" haisimami peke yake, sawa na ile ya mbuni ndege. Wawili hawa wakishirikiana hufikia kipimo: tia neno katika wingi. Mbuni (mti) huwa mibuni na irabu hurejea; mbuni (ndege) habadiliki.

Hapo ndipo kiongozi anapohitajika. Akiuliza kuhusu "mbwa", kipimo kinakwama: neno halibadiliki katika wingi, lakini "m" yake ni silabi. Kikundi hulazimika kutambua kwamba shina lenye silabi moja huiacha nazali ibebe mkazo. Somo hilo halikomei katika fonolojia, kwani anayehesabu mizani za ushairi bila kulielewa atalaumu shairi lisilo na kosa.

5.0 Masharti na Mipaka

Mfano huo unaonyesha pia hatari iliyopo. Bila kiongozi aliyelifaulu somo, kikundi kingeondoka na kanuni yenye kasoro, na kosa la mmoja lingekuwa la wote. Kipofu hamwongozi kipofu. Mhadhiri anapaswa kumwelekeza kiongozi, lakini asiketi kikaoni kama msimamizi wa mtihani. Vilevile, kikao kisigeuke mahali pa kunakili kazi za mwenzio. Anayekuja mikono mitupu kila siku amevunja mwethya. Isitoshe, kufunzana hakuwezi kufidia uhaba wa wahadhiri wala wa vitabu, na vyuo visikutumie kama kisingizio.

6.0 Hitimisho

Makala yameonyesha kwamba mwanafunzi aliyedhaniwa kuwa na upungufu kwa sababu ya lugha yake ya kwanza anaweza kuwa ndiye mwenye ufunguo wa somo. Inapendekezwa kwamba vyama vya Kiswahili vyuoni vianze na somo moja gumu, viongozi wachaguliwe na wanafunzi wenyewe, na vikao vianze wiki za mwanzo za muhula badala ya kungoja mtihani ubishe hodi. Matuta huchimbwa kabla ya mvua.