Pima masikio kabla ya kuandika barua ya uhamisho

*Mshauri, nafundisha Darasa la Tatu huku Handeni, nina wanafunzi 84. Kuna mvulana mmoja ananishinda. Kusoma bado, imla anapata mbili kati ya kumi, nikimtuma chaki analeta kitu kingine. Siku nyingine anaelewa vizuri, siku nyingine ni kama hayupo darasani. Wenzangu wanasema ni mkaidi, na ameshachapwa kwa kutoitika jina lake. Mwalimu Mkuu anataka nimwandikie ahamie shule yenye kitengo cha elimu maalumu. Mimi sikusomea elimu maalumu. Nifanyeje?*
*Mwalimu wa Darasa la Tatu*

Mwalimu, hiyo barua iache kwanza. Chukua daftari lake la imla ulisome upya, na safari hii usihesabu makosa, angalia ni makosa gani. Ulipotaja "paka" aliandika "pata"? "Fagia" ikawa "sagia"? Kama irabu zake ziko sawa na konsonanti ndizo zinazoyumba, hasa s, f, sh, t na k, mimi ningeanza kushuku masikio. Sauti hizo ni hafifu, humponyoka mapema mtu asiyesikia vizuri, wakati a na o bado zinamfikia. Huo si uthibitisho, kwa sababu mtoto mwenye shida ya kusoma peke yake naye hubadilisha herufi. Lakini unatosha kukufanya umpime.

Hilo la kuelewa leo na kesho kutoelewa ndilo lililonishtua zaidi katika barua yako, maana ndilo linalowafanya watu wazima waseme mtoto anajifanya. Majimaji yakijaa nyuma ya ngoma ya sikio, mtoto husikia kwa shida; yakipungua, anasikia tena. Mafua yakirudi, hali inarudi. Mtoto wa namna hii anachapwa kwa ugonjwa wake. Waambie wenzako hivyo, bila kuzunguka, na fimbo kwake ikome leo.

Kumpima hakuhitaji mashine. Mwite mahali pa utulivu, wala si chini ya bati mvua inanyesha. Simama nyuma yake, umbali wa mkono ulionyooshwa, ili asikusome midomo. Mwambie azibe sikio moja kwa kidole, kisha nong'ona tarakimu tatu: nne, saba, mbili. Azirudie. Akikosea, jaribu nyingine tatu. Hamia sikio la pili. Fanya hivyo na watoto wengine wawili watatu siku hiyohiyo, upate wa kumlinganisha naye, na yeye asijione ametengwa. Angalia pia kama sikio linatoa usaha au harufu. Na macho usiyasahau: mkalishe kiti cha nyuma, muulize umeandika nini ubaoni.

Akishindwa, mwite mzazi, mzungumze faraghani. Usimwambie "mtoto wako ni kiziwi", hujui hivyo. Mwambie ulichokiona na siku ulizokiona, mkubaliane ampeleke kituo cha afya. Sikio linalotoa usaha hutibika, na likiachwa miezi na miaka linaweza kumwondolea usikivu moja kwa moja. Msisitizie asimtie mafuta wala dawa ya majani sikioni.

Darasani usingoje majibu ya daktari. Mlete mbele, upande ambao sikio lake zima litakuelekea. Hapa ndipo wengi wetu tunapokosea bila kujua: tunaandika ubaoni huku tunaeleza, mgongo kwa wanafunzi. Andika kwanza, geuka, ndipo useme. Kabla ya kumpa maagizo hakikisha anakutazama. Usimuulize "umeelewa?" kwa kuwa atajibu ndiyo, mwambie akueleze anachotakiwa kufanya. Mpe jirani mtaratibu wa kumwonyesha ukurasa. Katika darasa la watoto 84 haya yanawezekana, na naamini yatawafaa wengine kadhaa ambao hujawashuku bado.

Sasa kuhusu kitengo. Simpingi Mwalimu Mkuu kwa kila hali. Mtoto asiyesikia kabisa anahitaji lugha ya alama na walimu wanaoijua, na kumwacha akikodoa macho katika darasa la kawaida ni kumwonea. Lakini wako anaongea, na kuna siku anaelewa. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki ya mtoto mwenye ulemavu kusoma katika shule ya kawaida, kwa hiyo uhamisho uje baada ya vipimo, wala usitangulie. Mwombe Mwalimu Mkuu amwandikie afisa anayeshughulikia elimu maalumu katika halmashauri yenu, mtoto afanyiwe tathmini. Uliza pia kama shule ya jirani ina mwalimu aliyepita Chuo cha Patandi kule Arusha. Saa moja akiwa darasani kwako itakufaa sana.

Katika barua hiyo ya kuomba tathmini ambatisha nakala za imla zake na kijidaftari cha tarehe: siku alizoitika, siku ambazo hakuitika, kama alikuwa na mafua. Na vipimo vikionyesha masikio na macho yake ni mazima, niandikie tena, tuangalie namna anavyojifunza kusoma.