Sumu Kiasi Gani Huingia Mwilini? Somo kwa Kaya za Kata ya Kwai

Katika Kata ya Kwai, kama ilivyo katika maeneo mengi ya Wilaya ya Lushoto, shamba la mboga na nyumba ya kulala haviko mbali. Katika baadhi ya kaya, bomba la kunyunyizia kabichi huwekwa nyuma ya mlango, chupa ya dawa hufichwa uvunguni mwa kitanda, na nguo za shambani hutundikwa pamoja na za watoto. Aidha, dawa za mbu, kunguni na viroboto hupulizwa ndani ya nyumba. Wazee wetu wanakumbuka kwamba baada ya tauni kuripotiwa wilayani mwaka 1980, kuua viroboto majumbani kwa dawa kulikuwa miongoni mwa hatua za kuokoa maisha. Viuatilifu vina manufaa yake. Swali la kujiuliza ni hili: kiasi gani huingia katika miili yetu?

Kiasi hicho hukadiriwa kwa kuangalia mambo manne, nayo mwananchi anaweza kuyafuatilia mwenyewe.

Kwanza, ukali wa kilichoguswa. Tuchukue mfano wa dawa yenye gramu 500 za kiini cha sumu kwa lita, inayochanganywa mililita 20 katika maji lita 20. Mfano huu ni wa hesabu tu. Kipimo halali ni kile cha lebo. Mililita moja ya dawa isiyochanganywa ina miligramu 500 za sumu. Baada ya kuchanganywa, kiasi hicho hicho kimo katika lita nzima ya maji. Hivyo, mililita moja inayomwagikia kiganjani wakati wa kupima ni sawa na kumwagikiwa lita moja ya mchanganyiko. Ndiyo maana glovu zinahitajika zaidi wakati wa kuchanganya, na chupa iliyo uvunguni ni hatari kuliko bomba lenyewe.

Pili, njia ya kuingilia. Sumu huingia kwa kinywa, kwa pumzi na kwa ngozi. Si yote inayogusa ngozi hupenya, lakini ngozi yenye jasho au mkwaruzo hupitisha zaidi. Kwa sababu ya baridi ya milimani, wengi wetu hufunga madirisha mapema. Dawa iliyopulizwa chumbani hubaki hewani, kisha hutua sakafuni na juu ya matandiko. Huko hudumu muda mrefu kuliko shambani, kwa kuwa jua na mvua haviifikii.

Tatu, muda na marudio. Anayenawa kwa sabuni mara baada ya kazi hupokea kidogo kuliko anayeshinda na nguo iliyolowa dawa hadi jioni. Kiasi kidogo kinachorudiwa kila juma nacho huhesabiwa.

Nne, uzito wa mwili. Miligramu 6 zikiingia kwa mtu mzima mwenye kilo 60, kila kilo hupata miligramu 0.1. Zikiingia kwa mtoto mwenye kilo 12, kila kilo hupata miligramu 0.5, yaani mara tano zaidi. Tena mtoto ndiye anayetambaa sakafuni na kupeleka vidole kinywani.

Kwa zoezi la nyumbani, kila kaya ichukue daftari na kuandika kwa muda wa mwezi mmoja: tarehe, jina la dawa, kiasi kilichotumika, aliyeishika, waliokuwa karibu, na muda uliopita kabla ya kunawa na kufua. Kurasa hizo zitaonesha ni nani anayefikiwa zaidi, na zitamsaidia mhudumu wa afya endapo mtu ataugua.

Hatua za kupunguza kiasi hicho hazina gharama kubwa. Dawa ifungiwe nje ya chumba cha kulala, katika chombo chake chenye lebo, kamwe si katika chupa ya soda. Nguo za kazi zifuliwe peke yake. Chombo cha kupimia dawa kisirudi jikoni. Siku za kusubiri kabla ya kuvuna ziheshimiwe, hata kwa mboga ya nyumbani.

Mtu akitokwa na mate na jasho jingi, akitapika, mboni zikisinyaa au akipumua kwa shida baada ya kugusana na dawa, avuliwe nguo, aoshwe kwa maji na sabuni, kisha awahishwe kituo cha afya pamoja na lebo. Asitapishwe. Maziwa si tiba ya sumu hizi, na kuyatafuta huchelewesha matibabu.

Kwa ushauri kuhusu dawa zilizosajiliwa na Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, mwone Afisa Ugani wa eneo lako. Nenda na daftari lako.