Somo la toleo hili: Amortiseri za pikapu ya pamoja

Katika somo hili tunashuka kwenye jambo la chuma na mafuta, kwa sababu tumeona mara nyingi namna linavyoleta maneno mabaya kati ya watu.

Katika vijiji kadhaa vya Kivu tunavyotembelea, familia zilizohama makwao na wenyeji waliowapokea wanatunza pikapu moja. Asubuhi inapeleka mihogo na mawese sokoni, jioni inarudi na chumvi na sabuni, na usiku ikibidi inakimbiza mama mwenye uchungu wa kuzaa hadi hospitali. Kisha siku moja dereva anasema gari linaruka, anataka pesa za amortiseri. Miezi michache baadaye anarudi na ombi lilelile. Wenyeji wanasema wakimbizi wanajaza mizigo kupita kiasi. Wakimbizi wanasema dereva ni mtoto wa wenyeji, anakula pesa. Mara nyingi hakuna mwizi hapo. Kuna vyuma vilivyochaguliwa vibaya au kufungwa vibaya, na watu wasiojua la kuuliza.

Tuanze na kazi yake. Amortiseri, ambayo madereva wanaotoka Tanzania wanaiita shokapu, haibebi mzigo. Mzigo unabebwa na springi: zile bamba za chuma zilizopangwa nyuma, au zile zilizozungushwa kama nyoka. Springi ikikanyagwa na shimo inaruka, na ikiachwa peke yake inaendelea kuruka. Amortiseri inaituliza. Ndani yake kuna pistoni inayosukuma mafuta kupita kwenye matundu madogo, na nguvu ya kuruka inageuka kuwa joto. Kwa hiyo anayenunua amortiseri ngumu ili abebe magunia zaidi anapoteza pesa. Ikiwa bamba moja ya springi imevunjika, anzeni na hiyo. Amortiseri mpya juu ya springi iliyovunjika haitadumu.

Je, amortiseri iliyochoka inaleta hatari gani? Gurudumu linaloruka haligusi barabara, na gurudumu lisilogusa barabara halishiki breki wala halifuati usukani. Kwa pikapu yenye watu waliokaa juu ya magunia, kwenye kona ya mteremko, mnaelewa wenyewe.

Watu wengi wanapima kwa kukandamiza kona ya gari kwa mikono na kuiachia. Ikipanda na kutulia, ni nzuri. Ikiinama na kuinuka mara mbili tatu, imechoka. Kipimo hicho kinafaa mbele. Nyuma ya pikapu tupu hakisaidii sana, kwa sababu springi zake ni ngumu mno kwa mikono ya mtu. Huko angalieni mengine: mafuta yanayotiririka kwenye mwili wa amortiseri (unyevu kidogo tu wenye vumbi si ugonjwa), pine zilizolika kwa mabaka, na mkia wa gari unaokwenda upande kwenye njia yenye matuta madogo. Kuna pia njia ya mafundi wa zamani. Baada ya safari ya njia mbaya, gusa haraka amortiseri za kushoto na kulia. Inayofanya kazi ina joto. Ikiwa moja ni baridi na mwenzake ni moto, ile baridi imelala.

Sasa kununua. Msimtume dereva peke yake, hata kama ni mwaminifu kuliko wote. Waende wawili naye, mmoja kutoka kila upande, nao wachukue amortiseri ya zamani mkononi na namba ya shasi kwenye karatasi. Jina la gari peke yake halitoshi. Land Cruiser pikapu aina ya HZJ75 ina springi za bamba mbele na nyuma. HZJ79, iliyotoka mwaka 1999, ina springi za kuzunguka mbele. Hilux za kuanzia 2005 pia ni tofauti mbele na nyingi zilizozitangulia. Pimeni urefu ikiwa imefungwa na ikiwa imevutwa mpaka mwisho. Iliyo fupi mno itang'oka gurudumu likishuka kwenye shimo. Iliyo ndefu mno itagonga ndani na kupasuka. Angalieni na ncha zake: nyingine zina pete yenye mpira, nyingine zina msumari wenye nyuzi za nati.

Muuzaji atawauliza, ya mafuta au ya gesi? Ya gesi nayo ina mafuta, ila imeongezewa gesi inayozuia mafuta yasitoe povu. Kwenye njia zetu za mawe povu linakuja haraka, na mafuta yenye povu hayazuii kitu. Tukiwa na pesa sisi tungechukua ya gesi. Lakini ya mafuta ya kiwanda kinachojulikana ni bora kuliko ya gesi ya bandia. Jihadharini na za okazioni zilizopakwa rangi mpya. Ishike ikiwa wima, ikandamize na kuivuta polepole mpaka mwisho. Isiwe na mahali patupu, na kwa kawaida kuvuta kuwe kugumu kuliko kukandamiza. Tena nunueni mbili, za kushoto na kulia pamoja. Kubadilisha moja tu kunafanya gari livute upande mmoja.

Kuhusu kufunga, nyuma ya pikapu ni kazi ambayo vijana wenu wanaweza kuifanya. Jioni ya kuamkia kazi, lowesheni nati kwa mazutu ili kutu iregee. Chagueni mahali sawa na pagumu, wekeni vizuizi kwenye magurudumu yanayobaki chini, kisha jeki. Mtu asiingie chini ya gari lililosimama kwa jeki peke yake. Egemezeni shasi kwa magogo ya mti mgumu yaliyopishanishwa. Matofali yanapasuka, na mawe ya volkano ya upande wa Goma vilevile, ingawa yanaonekana magumu.

Mbele ya HZJ79, jeki ibaki chini ya ekseli na ishushwe polepole. Ekseli isining'inie kwenye mpira wa breki. Mbele ya Hilux za 2005 na kuendelea, amortiseri imo ndani ya springi iliyobanwa. Tunaomba sana: msifungue nati ya juu nyumbani. Springi ile ikifyatuka inaua mtu. Ipelekeni garaji yenye chombo cha kubana springi.

Wakati wa kufungua, pangeni rondeli na mipira juu ya kitambaa kwa utaratibu uleule zilivyotoka. Msishike ule mti unaong'aa kwa koleo. Mkwaruzo mmoja unachana mpira wa ndani, na hapo ndipo mafuta yanapoanza kutoka na dereva anaitwa mwizi. Amortiseri ya mafuta ipigwe pampu mara nne tano ikiwa wima ili hewa itoke. Kazeni kwanza kwa mkono, teremsheni gari, na baada ya uzito kukaa kwenye magurudumu ndipo mkaze buloni za pete mpaka mwisho. Zikikazwa gari likiwa juu, mpira unajikunja siku ya kwanza na kukatika mapema. Ile yenye msumari kazeni mpaka mpira uvimbe kufikia ukingo wa rondeli, basi. Baada ya safari ya kwanza, rudieni kukaza.

Amortiseri za zamani zirudi mbele ya kamati pamoja na risiti, watu wazione. Andikeni tarehe na kilomita kwenye daftari. Kama kihesabu kilomita kimekufa, kama ilivyo kwenye magari mengi huku, hesabuni safari.

Maswali ya kujadili katika kikundi: Nani kwenu anaruhusiwa kusema gari lisitoke, hata siku ya soko? Ni magunia mangapi pamoja na watu wangapi mnaowapandisha, na nani aliweka hesabu hiyo? Gari likiharibika njiani likiwa na mgonjwa, nani anaweza kutoa pesa bila kungoja mkutano, na ni kiasi gani?