Somo la mwezi: Pesa ya soko inaenda wapi? Namna ya kumuuliza kiongozi hesabu kwa amani



Katika masomo yaliyopita tuliongea juu ya mbegu ya maharagi, mnyauko wa migomba na namna ya kuhifadhi viazi. Leo somo si la mbegu. Lakini linagusa shamba moja kwa moja, kwa sababu faida ya mkulima mara nyingi inapotelea njiani, kati ya shamba na soko.

Kisa cha daraja

Mwaka 2019 nilikuwa nafuata kazi ya koperative moja katika jimbo letu. Sitataja mahali. Msimu ule wanachama walivuna viazi vizuri sana. Shida ilikuwa daraja la miti karibu na soko: mbao zilikuwa zimeoza, na chukudu hazikuweza tena kupita. Mama walivuka maji na gunia mgongoni. Viazi vingine viliozea ng'ambo vikingoja.

Mama mmoja aliniambia: «Agronomu, unatufundisha kuzalisha mingi. Hiyo mingi itapita wapi? Kila siku ya soko ninalipa jetoni, na daraja iko ndani ya maji.»

Sikuwa na jibu. Kwenye enstiti nilisoma udongo na mimea, sikusoma budje ya sekta. Ndipo nikaanza kuuliza na kusoma. Niliyoyapata ndiyo haya.

1. Nani anapaswa kutupa hesabu?

Katiba ya tarehe 18/02/2006 inasema kwamba mji, komini, sekta na sheferi ni entite zinazojitawala: zina budje yao na zinasimamia pesa zao. Sheria namba 08/016 ya tarehe 07/10/2008 inaeleza namna zinavyofanya kazi. Masisi ina sheferi mbili (Bahunde na Bashali) na sekta mbili (Osso-Banyungu na Katoyi). Walikale ina sekta mbili: Wanianga na Bakano.

Kufuatana na sheria hiyo, kila sekta na kila sheferi inapaswa kuwa na baraza la washauri waliochaguliwa na wananchi. Kazi ya baraza ni kupitisha budje na kumuuliza mkuu: pesa ilitumika namna gani? Hata mkuu wa sekta mwenyewe alipaswa kuchaguliwa na hao washauri. Katika sheferi, mwami anatoka katika desturi, lakini naye anapaswa kufanya kazi pamoja na baraza.

Je, baraza liko wapi? Bado halijazaliwa. Tangu Katiba hiyo ianze, hakuna sekta wala sheferi iliyochagua washauri wake. Tarehe 20/12/2023 washauri walichaguliwa katika komini za miji mikuu ya majimbo tu, na teritware ya Masisi haikupiga kura kabisa juu ya usalama. Tena tangu mwezi wa tano 2021 jimbo na teritware ziliwekwa mikononi mwa wanajeshi na polisi.

Kwa hiyo yule aliyepaswa kuuliza kwa niaba yetu hayupo. Swali linabaki kwetu sisi tunaolipa. Na njia ya kuuliza ipo. Katiba, katika kifungu cha 27, inasema kila Mkongomani ana haki ya kuandikia kiongozi wa serikali barua ya madai, peke yake au pamoja na wengine. Kiongozi anapaswa kujibu katika miezi 3. Na hakuna mtu anayeweza kushitakiwa kwa sababu aliandika barua hiyo.

2. Pesa ya entite inatoka wapi?

Inatoka sehemu tatu ambazo mkulima anapaswa kuzijua.

Ya kwanza ni kodi na jetoni za hapa kwetu: soko, kibanda, machinjio na kadhalika. Kifungu cha 174 cha Katiba kinasema hakuna kodi isiyowekwa na sheria. Orodha ya kodi za jimbo na za entite iko katika sheria-amri namba 18/004 ya tarehe 13/03/2018. Maana yake: anayekulipisha anapaswa kuweza kukuonyesha jina la hiyo kodi, bei yake, na kukupa kitansi.

Ya pili ni pesa inayotoka Kinshasa. Katika kila franka 100 za mapato ya taifa, 40 ni za majimbo. Na katika hizo 40 za jimbo, sheria ya 2008 inapatia entite asilimia 40, ni kusema franka 16 za kugawanya kati ya entite zote. Lakini tuseme ukweli: pesa hiyo mara nyingi inachelewa, na mara nyingi haifiki yote. Mkuu wa sekta akisema «sijapata», anaweza kuwa anasema kweli. Ndiyo maana hatuanzi na maneno «umekula». Tunaanza na swali: «Ilifika kiasi gani, tarehe gani?»

Ya tatu ni mrabaha wa madini. Kodi ya Madini iliyorekebishwa tarehe 09/03/2018 inasema asilimia 15 ya mrabaha inaenda kwenye konti ya entite ambamo mgodi uko. Ndugu wa Walikale, ninyi mko na mgodi wa bati wa Bisie, kwa hiyo sehemu hii inawahusu sana.

3. Hatua tano za kufuata

*Hatua ya kwanza: tunza kitansi.* Usilipe bila karatasi. Angalia kama ina tarehe, kiasi, jina la kodi na muhuri. Koperative iwe na kaye moja ambamo kila mwanachama anaandikisha alicholipa. Asiye na kitansi ana malalamiko tu. Mwenye kitansi ana swali.

*Hatua ya pili: piga hesabu.* Tuseme soko lina wauzaji 150, kila mmoja analipa franka 200, na soko linafanyika mara 2 kwa juma. Siku moja ni franka 30.000. Juma moja ni 60.000. Mwaka wa majuma 52 ni franka 3.120.000. Mukifika kwa mkuu na hesabu kama hii, mazungumzo yanabadilika. Hesabuni wauzaji wenyewe, siku tatu au nne tofauti, musikadirie tu.

*Hatua ya tatu: chagueni jambo moja.* Daraja, au choo cha soko, au bei ya jetoni kubandikwa ukutani. Jambo moja tu. Anayeomba kumi kwa siku moja anapewa ahadi kumi.

*Hatua ya ine: andikeni barua, na nakala mbili.* Wanachama wote wanaokubali watie sahihi au kidole, wanaume na wanawake. Nakala ya kwanza mupelekee administrata wa teritware, kwa sababu gavana anaweza kumpa kazi ya kusimamia sekta na sheferi. Nakala ya pili irudi kwenu na muhuri na tarehe ya kupokelewa. Bila ile tarehe, miezi 3 haihesabiki.

*Hatua ya tano: rudisheni habari.* Watu watatu watakaoenda kumwona mkuu wawe wamechaguliwa na mkutano. Wakirudi, waeleze wanachama wote yaliyosemwa, hata kama ni mabaya. Asiwepo anayebaki nyuma kuongea na mkuu peke yake.

Mfano wa barua

*Kwa Muheshimiwa Mkuu wa Sekta,*

*Sisi wanachama wa koperative … tunakusalimu kwa heshima. Kufuatana na kifungu cha 27 cha Katiba, tunakuandikia juu ya soko la … Kuanzia tarehe … hadi tarehe … tulilipa jetoni kama zinavyoonyeshwa kwenye orodha iliyo pamoja na barua hii. Tunaomba kujua mambo mawili: (1) ni pesa kiasi gani kutoka soko hili iliingia katika budje ya sekta, (2) ni kiasi gani kimepangwa kwa kutengeneza daraja la … Sisi tuko tayari kutoa mikono yetu kwa salongo. Tunangojea jibu lako katika muda wa sheria.*

Muone: hakuna tusi, hakuna jina la mtu, hakuna siasa. Kuna tarehe, hesabu na swali.

Daraja liliishia wapi?

Ile koperative iliandika. Mara ya kwanza sekretere alikataa kutia muhuri. Wakarudi siku ingine, watu kumi na wawili, wakakaa kimya kwenye benchi hadi saa sita. Muhuri ukapatikana. Katika mwezi wa tatu mkuu akawaita.

Alisoma hesabu yao, kisha akafungua kaye yake. Pesa iliyoandikwa mle ilikuwa chini sana ya ile waliyohesabu. Alinyamaza kidogo, akasema atamwita mlipishaji. Kisha akawageukia: «Na ninyi? Kila mwanachama anatoa mchango wa koperative. Hesabu yenu imebandikwa wapi?»

Hakuna aliyejibu. Mtunza pesa wetu aliangalia chini. Mimi pia niliona haya, kwani nilikuwa nimewafuata zaidi ya mwaka bila kuuliza.

Sheria ya OHADA juu ya koperative, inayotumika Kongo tangu mwezi wa tisa 2012, inataka mkutano mkuu upitishe hesabu ya mwaka katika miezi 6 baada ya mwaka kufungwa. Koperative nyingi hazifanyi. Ile yetu ilibandika hesabu yake juma lililofuata, kabla ya sekta kubandika ya kwake.

Daraja lilitengenezwa: sekta ilitoa mbao na misumari, wanachama walitoa salongo siku mbili. Bei ya jetoni ilibandikwa pale sokoni. Baada ya miezi kadhaa karatasi ilitolewa, na ilibidi kuandika tena. Ni kama palizi: hupalilii mara moja ukaenda kulala hadi mavuno.

Angalisho

Barua hii ni kwa kiongozi mwenye ofisi na muhuri. Si ya kumpelekea mtu mwenye bunduki kwenye bariere. Kama hali ya usalama ni mbaya, ngojeni. Tunzeni kitansi na kaye mahali pazuri, kwani karatasi inaweza kungoja. Musimtume mtu mmoja peke yake, na musiruhusu mwanasiasa kubeba barua yenu kama yake.

Maswali ya kujadili katika kikundi

1. Katika soko letu tunalipa kodi ngapi? Zipi zinatoa kitansi, zipi hazitoi?
2. Tukichagua jambo moja la kumuuliza mkuu mwaka huu, litakuwa lipi?
3. Nani anatunza kaye ya koperative, na nani anaisoma pamoja naye?
4. Hesabu ya koperative yetu ya mwaka uliopita imebandikwa wapi?

Anzeni na swali la ine. Mukilijibu vizuri, mutaenda ofisini bila kuangalia chini.

Hadi somo lijalo.