Kutoka Merikani hadi Dola: Majina Mawili ya Thamani Mpala

Wanauchumi hupima nguvu ya dola kwa akiba za benki kuu. Sisi wa isimu tunaweza kuipima kwa maneno. Hapa nafuata maneno mawili hadi Mpala, kwenye ufuko wa magharibi wa Ziwa Tanganyika, kusini mwa Kalemie.

La kwanza ni merikani. Katika karne ya 19, misafara kutoka pwani ilipitia Tabora na Ujiji ikibeba pamba isiyopaushwa iliyofumwa Marekani. Huku bara ilikuwa nguo na ilikuwa fedha: chakula, hongo ya njia na ujira wa wapagazi vilihesabiwa kwa mikono ya kitambaa. Vita vya Marekani vya 1861–1865 vilipunguza bidhaa hiyo, na vitambaa vya Uingereza na India vikachukua nafasi yake. Jina merikani lilibaki: wasemaji walishika kipimo walichokiamini, ingawa asili yake ilikuwa imebadilika.

La pili ni dola. Chimbuko lake ni thaler, sarafu ya Bohemia. Kamusi hulitenga na dola ya asili ya Kiarabu, yaani mamlaka ya nchi. Ni homonimu tu. Hata hivyo, historia yetu imeyakutanisha: dola ya fedha ilistawi pale dola ya utawala ilipopoteza imani ya watu katika sarafu yake. Zaire moja ya 1967 ilikuwa na thamani ya dola 2. Mwaka 1993, zaire 3,000,000 zilibadilishwa kwa zaire mpya moja. Mwaka 1998, zaire mpya 100,000 kwa falanga moja. Aliyeweka akiba nyumbani alibaki na makaratasi.

Ndiyo maana leo chumvi na sabuni huulizwa kwa falanga, lakini kiwanja, pikipiki na kodi ya nyumba kwa dola. Naiita diglosia ya fedha: moja ya mahitaji ya kila siku, nyingine ya mambo ya kudumu. Anayepata falanga na kudaiwa kwa dola hubeba hasara kila falanga inaposhuka thamani.

Kwa hiyo, anayetafiti lugha ya soko asiandike kiasi peke yake. Aandike sarafu iliyotajwa na sarafu iliyotolewa mkononi. Zikitofautiana, ile iliyotajwa ndiyo inayoaminiwa. Sheria inaweza kuamuru malipo. Kipimo hukaa kwa msemaji.