Faida ya Hisa za Muda Mfupi: Serikali Inakata Namna Gani?



Katika somo la uchumi tulipofika kwenye hisa, ambazo siye tunazoea kuita aksio, wengi waliuliza: jambo hili linatuhusu nini huku Kalemie, kwani Kongo haina soko la hisa? Ni kweli, haina. Lakini muangalie Manono, humu humu katika jimbo letu, mahali wazee walichimba bati wakati wa Wabeleji. Leo watu wanatafuta lithiamu pale, madini ya betri. Kampuni AVZ Minerals ilikuwa imeandikishwa katika soko la hisa la Australia, na watu wasiojua hata njia ya Manono walinunua na kuuza hisa zake mbele ya kampuni kuchimba. Mwezi wa Aprili 2022 bei ya hisa moja ilipita dola moja ya kule.

Sasa tufanye hesabu. Mtu alinunua hisa 1000 kwa senti 20, akatoa dola 200. Akiziuza kwa dola moja anapata 1000. Faida ni 800. Maadamu hajauza, serikali haimuulizi kitu, hata bei ipande namna gani. Faida ya karatasi si faida bado.

Akiuza, sheria ya Australia ya wakati ule ilimuuliza: umezishika kwa muda gani? Kama haukuzidi miezi 12, dola 800 zote zinaongezwa juu ya mshahara wake na kukatwa kodi pamoja nao. Mtu wa mshahara mkubwa aliyekatwa 37 kwa mia analipa 296. Kama muda umepita miezi 12, wanahesabu nusu tu, yaani 400, naye analipa 148. Serikali inapenda mwenye kukaa na mali yake kuliko mwenye kununua asubuhi na kuuza jioni. Marekani pia wako na mpaka wa mwaka mmoja.

Basi kila mtu angojee mwaka upite? Hapana, musiende mbio. Mwezi wa Mei 2022 hisa za AVZ zilisimamishwa sokoni, kukiwa na ugomvi juu ya haki ya kuchimba Manono, na mwaka 2024 zikaondolewa kabisa. Aliyenunua Januari 2022, akangojea Januari 2023 ili apunguziwe kodi, alikuta mlango umefungwa. Aliyeuza Aprili alilipa kodi nzima, lakini feza alikuwa nazo mkononi.

Kuna jambo lingine ambalo kwangu ni kubwa kuliko kiasi cha kodi: hasara inahesabiwa namna gani? Ubeleji, tangu Januari 2016, waliweka kodi ya 33 kwa mia juu ya faida ya hisa za sokoni zilizouzwa mbele ya miezi sita kutimia. Waliita kodi ya spekulasio. Lakini hasara haikutolewa katika faida. Tuseme mtu alipata 300 mwezi wa tatu, akapoteza 300 mwezi wa tano. Mfukoni hana kitu, lakini kodi ni 99! Mwenye kuuza ndakala hapa bandarini angekubali hesabu ya namna hiyo? Watu wakapunguza kununua na kuuza, na serikali ikapoteza upande wa ile kodi ndogo inayokatwa kila hisa ikinunuliwa au kuuzwa. Mwaka mmoja tu, na Januari 2017 ikafutwa.

Majirani wetu wa Kenya wamechukua njia ingine. Kodi ya faida ya kuuza mali ni 15 kwa mia tangu 2023, lakini hisa zinazouzwa katika soko la Nairobi zimeachwa nje, uzishike siku moja ao miaka kumi.

Zoezi kwa darasa la tano na la sita: Yule mtu wa 300 na 300, kama angekuwa Australia, ambako hasara ya hisa inatolewa kwanza katika faida ya hisa mbele ya kukata kodi, angelipa ngapi? Na kama hasara ingekuwa 500, zile 200 zinazobaki zingeenda wapi, mukijua kwamba kule haziruhusiwi kutolewa katika mshahara, lakini zinaweza kungojea faida ya mwaka mwingine? Majibu muandike kwenye karatasi na kuleta kwangu mbele ya Ijumaa.