Dondoo muhimu: Kabla hujawanywesha kuku dawa

Kuku wakianza kuzubaa na kushusha mbawa, wafugaji wengi hukimbilia duka la dawa za mifugo kununua antibayotiki kama tetrasaiklini. Subiri kwanza. Huenda ni mdondo, au kideri, ambao huletwa na virusi, na hakuna antibayotiki inayoviua. Kinga yake ni chanjo: tone la I-2 jichoni, kila baada ya miezi 3. Dawa isiyohitajika huua bakteria dhaifu tumboni mwa kuku na kuwaachia nafasi walio sugu, ambao hupitia kwenye kinyesi, mikono na nyama hadi kwetu.

Hatari hii si ya kufikirika. Mwaka 2015 watafiti wa China walitangaza jeni ya mcr-1, waliyoikuta kwa nguruwe, kwenye nyama na kwa wagonjwa. Jeni hiyo huwapa bakteria usugu dhidi ya kolistini, dawa inayotunzwa kwa wagonjwa ambao dawa nyingine zimeshindwa kuwatibu, na huhama kutoka bakteria mmoja hadi mwingine. Ili kupunguza hatari hii:

• Daktari wa mifugo akiandika dawa, toa dozi yote kwa siku alizotaja.

• Soma kwenye chupa siku za kusubiri kabla ya kuuza mayai, maziwa au nyama. Kuchemsha maziwa hakuondoi mabaki yote ya dawa.

• Samadi mbichi ya kuku usiitie kwenye mchicha. Irundike, ipate joto na kuoza kwa wiki kadhaa.

• Ukishika kuku mbichi, nawa kwa sabuni kabla ya kugusa kachumbari.